Paa la Uwanja Linamfungukia Nani?

Jioni ya Oktoba 16, 2012, timu ya taifa ya Poland ilikuwa ikutane na England jijini Warsaw kuwania nafasi ya Kombe la Dunia. Uwanja ulikuwa mpya kabisa, umefunguliwa mwanzoni mwa mwaka huohuo na umeshaandaa mechi za Euro, na juu yake kulikuwa na paa la turubai linaloweza kutandazwa mpaka anga lisionekane. Mvua ikashuka. Paa likabaki wazi. Maji yakatuama kwenye nyasi mpaka mpira ukawa hauviringiki, mashabiki waliochoka kusubiri wakaingia uwanjani na kuteleza kwa matumbo mbele ya kamera, na mwishowe mechi ikasogezwa hadi siku iliyofuata, ambapo iliisha kwa sare ya 1-1.

Swali la kila mtu siku ile lilikuwa moja: paa lina kazi gani kama mvua inanyesha nalo linatazama tu?

Jibu halikumridhisha mtu, lakini lilikuwa la kweli. Paa lile halisogezwi mvua ikiwa imeshaanza. Turubai likishika maji linakuwa na uzito ambao mitambo ya kulivuta haikupigiwa hesabu. Kwa hiyo uamuzi wa kulifunga hufanywa mapema, kwa kusikilizana na wasimamizi wa mechi, wakati mvua bado ni habari ya watabiri wa hali ya hewa. Siku ile liliachwa wazi, na mawingu yalipokuja na uamuzi wao, muda ulikuwa umekwisha.

Nimeanza na Warsaw kwa sababu kisa kile kinaivunja dhana iliyoenea kwamba paa linalofunguka ni mwavuli mkubwa tu. Ni mtambo mzito, wa polepole, wenye masharti mengi. Na kuna jambo la pili linaloshangaza zaidi: ule uwezo wa kufunguka haukuwekwa hasa kwa ajili ya watazamaji. Wengi wao wangeridhika paa likafungwa moja kwa moja. Anayelihitaji lifunguke ni nyasi.

Houston, 1965

Wazo la kumfunika mtazamaji ni la kale. Katika Colosseum, uwanja uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, Warumi walitanda vitambaa vikubwa juu ya majukwaa kuzuia jua, na waliovivuta walikuwa mabaharia wa jeshi la majini, maana ndio waliozijua kamba na matanga. Watu walipata kivuli, katikati pakabaki wazi, na kwa kuwa chini palikuwa na mchanga, hakukuwa na kitu cha kunyauka.

Shida ilianza pale watu walipotaka kufunika na katikati. Mwaka 1965 mji wa Houston, Texas, ulifungua Astrodome, uwanja mkubwa wa kwanza wa michezo kufunikwa wote kwa kuba na kutiwa viyoyozi. Kuba lile lilikuwa na vipande vingi vya plastiki angavu ili jua lipenye na kuzifikia nyasi za asili zilizopandwa chini. Mchezo mkuu wa pale ulikuwa besiboli, ambao mchezaji hulazimika kuinua macho kuufuata mpira ulioko angani, na mng'ao wa vile vipande ukawa unawapofusha. Vipande vikapakwa rangi. Wachezaji wakauona mpira, nyasi zikafa. Mwaka uliofuata likatandikwa zulia la plastiki, na nyasi bandia zikapata jina lililotokana na uwanja wenyewe: AstroTurf.

Mgogoro wote uko hapo. Binadamu anataka chumba: kikavu, chenye joto la wastani, chenye taa anazoweza kuziwasha na kuzizima. Nyasi zinataka uwanda: jua la saa nyingi, upepo wa kukausha umande, maji ya kadiri. Paa linalofunguka ni jaribio la kuwapa wote wawili mahali pamoja, kwa zamu.

Ukitaka kuiona zamu hiyo ikifanya kazi, tazama uwanja wa besiboli wa Phoenix, Arizona, uliofunguliwa mwaka 1998 katikati ya jangwa. Kwa miaka ishirini hivi utaratibu ulikuwa wa ajabu kidogo. Paa lilifunguliwa asubuhi nyasi ziote jua, kisha likafungwa saa kadhaa kabla ya mechi ili viyoyozi vipate muda wa kuipoza hewa. Yaani lilikuwa wazi majukwaa yakiwa matupu, na watu walipofika walilikuta limeshafungwa. Mwaka 2019 klabu ilizing'oa nyasi za asili ikaweka bandia, na haja ya kulifungua kila siku ikaondoka nazo.

Wanaocheza soka hawana njia hiyo rahisi. FIFA inataka Kombe la Dunia la wanaume lichezwe juu ya nyasi za asili, na sharti hilo limeleta kichekesho cha aina yake katika maandalizi ya mashindano ya 2026. Kati ya viwanja vilivyoteuliwa, vinne vina paa linalosogea: Atlanta, Arlington, Houston na Vancouver. Vyote vinne hutumia nyasi bandia kwa shughuli zao za kawaida. Uwezo wa kuingiza jua upo, umelipiwa tayari, lakini nyasi zenyewe zinabidi zioteshwe shambani kwingine na kuja kutandikwa kwa ajili ya mashindano.

Tundu halitoshi

Ungedhani kwamba ukishafungua paa nyasi zitapona. Amsterdam ilidhani hivyo. Uwanja wake, ambao sasa unaitwa Johan Cruijff ArenA, ulifunguliwa mwaka 1996 na ulikuwa wa kwanza wa aina hii kwa soka la Ulaya, halafu katika miaka yake ya mwanzo kapeti la nyasi likawa linabadilishwa kila mara. Sababu ni ya kijiometri. Majukwaa ni marefu, sehemu ya paa isiyosogea inaning'inia juu yao, na mabati yanayofunguka lazima yaegeshwe mahali, kwa kawaida juu ya hiyo sehemu isiyosogea. Hata tundu likiwa wazi kabisa, jua la kaskazini mwa Ulaya hupita chini chini, upande wa kusini wa uwanja unabaki kivulini kwa miezi, na ukuta wa majukwaa unazuia upepo. Nyasi zisizopata upepo hubaki na unyevu, na unyevu huleta ukungu na magonjwa.

Wembley mpya ya London, iliyofunguliwa mwaka 2007, ilichukua uamuzi ambao wengi hawaujui: paa lake husogea, ila halikujengwa kulifunika kapeti lote. Hufunika watazamaji wote na kuziachia nyasi anga lao. Hata hivyo, katika miaka ya kwanza kapeti la Wembley nalo lilitandikwa upya mara kadhaa, kwa sababu uwanja ulikuwa unabeba matamasha na michezo mingine juu ya soka. Siku hizi karibu kila uwanja mkubwa wa Ulaya una mitambo ya taa kwenye magurudumu, inayosukumwa juu ya nyasi usiku na mchana wa kipupwe ili kuzidanganya kuwa jua limetoka. Bili ya umeme wake si ndogo.

Walioona kwamba kulileta jua kwa nyasi ni kazi ngumu waligeuza swali: kwa nini tusizipeleke nyasi juani? GelreDome ya Arnhem, Uholanzi, ilifanya hivyo mwaka 1998. Kapeti zima limepandwa ndani ya sinia kubwa la zege ambalo husukumwa nje kupitia chini ya jukwaa la upande mmoja, likakaa uani likiota jua hadi siku ya mechi. Gelsenkirchen, Ujerumani, ilifuata mwaka 2001 kwa sinia la tani 11,000 hivi linalochukua saa kadhaa kutoka nje. Glendale, Arizona, ikaja mwaka 2006. Faida yake ni mbili kwa mpigo: nyasi zinaishi kama nyasi, na ndani panabaki sakafu ngumu ya kuwekea jukwaa la muziki, maonyesho ya magari au ulingo wa ndondi bila mtu kuogopa kukanyaga chochote.

Lakini njia hiyo inahitaji uwanja wa pili wa kuegesha sinia, na katikati ya jiji ardhi hiyo haipo. Real Madrid, wenye Santiago Bernabéu iliyobanwa na majengo pande zote, walikwenda chini: katika ukarabati wao wa karibuni kapeti limegawanywa katika vipande virefu vinavyoshushwa kimoja kimoja hadi ghala la chini ya ardhi, lenye taa, maji na hewa ya kuzitunza nyasi. Ni suluhisho la mtu mwenye fedha nyingi na asiye na uwanja wa nyuma.

Namna paa linavyosogea

Kwa nje aina ni nyingi. Kwa ndani familia ni mbili. Kuna paa la turubai, linalokunjwa na kukunjuliwa kwa nyaya, na paa gumu la mihimili ya chuma linalotembea juu ya reli.

Katika viwanja vya kisasa, familia ya chuma ndiyo yenye umri mkubwa zaidi. Pittsburgh, Marekani, ilifungua Civic Arena mwaka 1961, kuba la chuma cha pua lililogawanywa katika vipande vinane. Sita kati ya hivyo vilizunguka na kujipanga chini ya viwili visivyosogea, bila nguzo hata moja katikati. La kuchekesha ni kwamba halikubuniwa kwa michezo. Lilikusudiwa kikundi cha opera kilichotaka kuimba chini ya nyota. Lisilochekesha ni kwamba kulipisha jengo na maendeleo yaliyolizunguka, maelfu ya wakazi wa mtaa wa Hill District, wengi wao weusi, walihamishwa. Jengo lilibomolewa kuanzia mwaka 2011, na kwa miaka mingi kabla ya hapo paa lake lilikuwa halifunguliwi tena.

Toronto ilifungua SkyDome Juni 3, 1989. Paa lake lina vipande vinne: kimoja hakisogei, viwili huteleza kwa mstari ulionyooka, cha nne huzunguka nusu duara, na kazi yote huchukua dakika 20 hivi. Usiku wa ufunguzi wakubwa walitaka kuonyesha maajabu, wakaamuru paa lifunguliwe huku mvua inanyesha, na umati ukalowa. Ila kihandisi lilikuwa paa lililofanya kazi, na bado linafanya.

Ugumu wa kulisogeza paa la tani maelfu kwenye reli hauko kwenye uzito, maana magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma yana msuguano mdogo na mota za kawaida zinatosha. Ugumu ni kulisogeza sawasawa. Vuta droo pana ya kabati kwa kushika pembe moja tu: itakwenda mshazari na kukwama. Kipande cha paa chenye upana wa mita 200 kina tabia hiyohiyo, isipokuwa huwezi kukigonga kwa ngumi kikaachia. Ndiyo maana kila upande una vihisi vinavyopima umekwenda kiasi gani, na kompyuta huupunguzia kasi upande uliotangulia. Tofauti ikizidi kiwango kilichowekwa, kila kitu husimama.

Kisha kuna joto. Chuma cha mita 200 kikipata mabadiliko ya nyuzi 40 hurefuka au hupungua kwa karibu sentimita 10. Kama magurudumu ya pande zote mbili yamebanwa kwenye reli, sentimita hizo zitatafuta pa kwenda na kitu kitapinda. Kwa hiyo mara nyingi upande mmoja hushikwa imara na mwingine huachiwa nafasi ya kutambaa kando.

Upepo nao hufanya kinyume cha wanachofikiri wengi. Kimbunga hakilikandamizi paa, hulinyonya kwenda juu. Jengo la kawaida hulijibu hilo kwa kulifunga paa kwenye kuta mara moja na kusahau. Paa linalosogea linapaswa kuwa huru kutembea leo na kushikiliwa kesho kwa kufuli na makucha yanayoweza kubana na kuachia. Mwaka 2008 kimbunga Ike kilipopita Houston, kiling'oa sehemu za paa la uwanja wa Reliant. Mwaka 1999, wakati wa ujenzi wa uwanja wa besiboli wa Milwaukee, winchi kubwa iliyokuwa imenyanyua kipande cha paa ilianguka siku yenye upepo, na mafundi watatu wa chuma wakafariki.

Mhandisi wa paa la namna hii, kwa hiyo, anabuni majengo matatu: lililofungwa, lililofunguliwa, na lile lililoko katikati ya safari. Hilo la tatu ndilo linalomnyima usingizi, kwa kuwa mzigo unahama kadiri kipande kinavyotembea, mihimili inayobeba reli inajipinda hapa kisha pale, na umbo zima halijakamilika. Ndiyo sababu kila paa lina kikomo cha upepo, na ukizidi hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa kitufe, hata mgeni rasmi akisisitiza.

Atlanta ilionyesha mwaka 2017 kwamba hata kwa fedha nyingi na kompyuta za kisasa hesabu hizi hazijawa nyepesi. Paa la uwanja wake wa Mercedes-Benz lina vipande vinane vinavyofanana na petali za ua. Ukitazama kutoka juu unaona kama vinazunguka kufunguka, lakini kila kipande kwa kweli hutembea mstari ulionyooka juu ya reli zake; macho ndiyo yanayodanganywa. Uwanja ulianza kutumika kabla mitambo ya paa haijakamilika, na ilibidi kusubiri hadi mwaka uliofuata kulifungua na kulifunga kwa mazoea.

Familia ya turubai ni nyepesi na rahisi zaidi kujenga, na majanga yake ni ya namna nyingine. Fainali ya Kombe la Mabara mwaka 2005, Brazil dhidi ya Argentina jijini Frankfurt, ilichezwa chini ya paa la turubai lililofungwa, na maji yakapata mahali pa kupenya yakamwagika uwanjani kwa mkondo mmoja mnene. Hiyo ni aibu ya usiku mmoja. Montreal imeishi na yake nusu karne.

Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, kazi ya msanifu Mfaransa Roger Taillibert, ulipaswa kuwa na mnara ulioinama ambao ungelinyanyua turubai la Kevlar, kitambaa cha nyuzi imara mno, kwa nyaya 26 na kulimeza. Michezo ya 1976 ilifika mnara haujaisha na paa halipo. Turubai liliwekwa mwaka 1987, likawa linachanika, na upepo ukizidi kilomita 40 kwa saa halikuweza kusogezwa. Mwaka 1998 waliachana na wazo la kufunguka wakaweka paa la kudumu. Januari 1999 theluji ikalipasua wakati watu wakiandaa maonyesho ya magari ndani. Baadaye ikawekwa kanuni kwamba theluji ikizidi sentimita tatu juu ya paa lile, shughuli zisifanyike. Deni la uwanja lilimalizika mwaka 2006, miaka 30 baada ya Michezo, sehemu kubwa kwa kodi ya tumbaku.

Tatizo la umbo

Paa ni nusu ya ahadi. Nusu nyingine ni neno "shughuli nyingi", na hapo jiometri inagoma tena. Uwanja wa soka ni mita 105 kwa 68. Njia ya kukimbilia ya mita 400, ukiizungushia, inachukua mstatili wa mita 177 kwa 93 hivi. Kriketi inataka duara pana. Besiboli inataka robo ya duara. Wasanifu huchukulia mita 190 kuwa umbali wa mwisho ambao jicho la kawaida bado linaufuata mpira wa miguu, kwa hiyo ukimweka shabiki nyuma ya njia ya riadha umeshamnyang'anya sehemu ya mchezo kabla hajakaa. Mimi ni katika wanaoamini kwamba njia ya riadha imeua raha ya soka katika viwanja vingi kuliko mvua ilivyowahi kuua.

Singapore ilijaribu kulikabili hilo mwaka 2014. Uwanja wake wa taifa una kuba la mita 310, miongoni mwa makubwa zaidi duniani yasiyo na nguzo za kati, lenye sehemu inayosogea, na chini yake safu za viti vya mbele husogezwa kulingana na mchezo: soka na raga huvivuta karibu, riadha na kriketi huvirudisha nyuma. Hewa ya ubaridi hupulizwa chini ya viti badala ya kupoza ukumbi wote. Ni ubunifu wa kupendeza, na bado nyasi ndizo zilizouaibisha. Oktoba ya mwaka huohuo Brazil walipocheza na Japani, kapeti lilikuwa na mabaka ya mchanga mbele ya dunia nzima.

Lille, Ufaransa, ilikwenda mbali zaidi. Katika uwanja wake wa mwaka 2012 wenye paa linalofunguka, nusu ya kapeti hunyanyuliwa kwa jeki na kuteleza juu ya nusu nyingine. Shimo linalobaki linageuka ukumbi wenye viti vyake. Ndiyo sababu mwaka 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris, mpira wa kikapu na fainali za mpira wa mikono zilichezwa humo, ndani ya nyumba ya klabu ya soka.

Kinachonunuliwa ni kalenda

Nani anafaidika na yote haya? Ukimuuliza meneja wa uwanja atakujibu kwa tarehe. Uwanja wa wazi wa klabu ya soka hutumika siku 25 au 30 za mechi kwa mwaka, siku nyingine ni lango lililofungwa na bili za walinzi. Paa huuza uhakika: tamasha la Machi halitafutwa kwa mvua, kampuni ya televisheni haitabaki na saa tatu tupu, wageni wa mkutano hawatalowa. Tenisi ililijua hilo mapema, na haikuhitaji paa kubwa: Melbourne mwaka 1988, Wimbledon mwaka 2009, New York mwaka 2016. Cardiff, mji mkuu wa Wales, ilionja tunda lake kwa namna nyingine. Uwanja wake wa mwaka 1999, ulio katikati kabisa ya jiji, ulipokea fainali za Kombe la FA tangu 2001 hadi 2006 wakati Wembley inajengwa, na ile ya 2003 ikawa ya kwanza kuchezwa paa likiwa limefungwa.

Lakini uhakika huo una bei, na mara nyingi hesabu hukataa. SkyDome iligharimu takriban dola milioni 570 za Kanada. Mwaka 1998 ilikuwa chini ya kinga ya mufilisi, na mwaka 2004 ikauzwa kwa milioni 25. Japani, mwaka 2015, waziri mkuu Shinzo Abe aliufuta mchoro wa msanifu Zaha Hadid wa uwanja mpya wa taifa, wenye paa linalofunguka, baada ya makadirio kufikia yeni bilioni 252. Uliojengwa badala yake unafunika majukwaa tu. Nchini humohumo, uwanja wa Toyota ulikuwa na paa lililojikunja na kujikunjua hadi gharama za matunzo zilipowafanya wenyewe waache kulisogeza. Gharama za ujenzi hutangazwa kwa mbwembwe. Za kubadilisha magurudumu, nyaya na vizuia maji kila baada ya miaka kadhaa hazitangazwi, na jiji likiwa ndilo mwenye uwanja, anayezilipa ni mlipa kodi.

Hata mkono unaobonyeza kitufe una siasa yake. Kwa miaka mingi katika raga ya Mataifa Sita, paa la Cardiff lilifungwa tu pale timu zote mbili zilipokubali, na makocha wageni walikataa mara kadhaa, ama kwa kupenda matope, ama kwa kuogopa kelele za Wales zikikosa pa kutokea. Katika futiboli ya Marekani klabu mwenyeji hutangaza dakika 90 kabla ya mchezo kama paa litakuwa wazi au limefungwa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2017, hapohapo Cardiff, ilichezwa chini ya paa lililofungwa kwa sababu za usalama, si za hali ya hewa. Na majirani? Bernabéu iliyokarabatiwa ilitangazwa kuwa ukumbi wa matamasha ya mwaka mzima. Septemba 2024 Real Madrid walisitisha matamasha hayo kufuatia malalamiko ya wakazi kuhusu kelele. Paa linaloweza kuzuia mvua si lazima liwe linaloweza kuzuia besi.

Paa lisilohitaji kufunguka

Ukikubali kwamba paa linafunguliwa ili jua lipite, basi swali linalofuata linajileta lenyewe: je, likiwa linapitisha jua hata likifungwa? Astrodome ilishindwa kwa plastiki ya miaka ya 1960. Leo kuna utando wa plastiki unaoitwa ETFE, mwepesi mno kulinganisha na kioo, unaopitisha sehemu kubwa ya mwanga ambao nyasi huutumia kujitengenezea chakula. Mji wa Dunedin, New Zealand, uliutumia mwaka 2011 kujenga uwanja wenye paa la kudumu, lisilofunguka kamwe, na chini yake wakaotesha nyasi za asili kwa ajili ya raga. Hakuna reli, hakuna mota, hakuna tangazo la dakika 90 kabla ya mchezo.

Ni uwanja wa wastani, wa watazamaji 30,000 hivi, mahali penye baridi na majukwaa yasiyo marefu sana. Peleka paa hilohilo jangwani na joto litageuka adui mpya. Las Vegas ilipojenga uwanja wake wa mwaka 2020 ilitumia paa la kudumu la ETFE, halafu ikaona busara kuliweka kapeti la nyasi za asili kwenye sinia linalotolewa nje kwenda juani kabla ya mechi. Montreal nayo ilifanya uamuzi wake mwaka 2024: serikali ya Quebec ilitangaza dola milioni 870 za Kanada kwa paa jipya la uwanja wa Olimpiki. Safari hii paa ni gumu, limezungukwa na ukanda wa kupitisha mwanga, na halifunguki.